Gramu Mia Sita na Arobaini

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani wa Dirisha la Nne aliweka boksi tupu juu ya mizani. Ndiyo kazi yake ya kwanza kila siku kabla ya mlango wa posta kufunguliwa: kupima boksi tupu la kila ukubwa, ili mteja asije akabishana naye baadaye kwamba uzito umetoka kwenye boksi na si kwenye viatu anavyomtumia shemeji yake. Boksi la ukubwa wa kati huwa na gramu mia moja na ishirini. Siku hiyo lilikuwa na mia tatu.

Aliliteremsha, akalitikisa, akachungulia ndani. Hamkuwa na kitu. Akalirudisha juu. Mia tatu.

Asubuhi ile ilifanana na nyingine zote isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni kwamba alikuwa amevaa sketi yenye mifuko. Alikuwa ameitafuta sketi ya namna hiyo kwa miezi saba. Washona sketi wa mji ule wanaamini kwamba mwanamke hana kitu cha kubeba. Hii ya buluu ilikuwa na mifuko miwili ya kweli, kina chake kinameza mkono mpaka kwenye kiwiko kasoro kidogo, na wakati boksi limefunguka mbele yake pale kaunta, yeye alikuwa ametia mikono yote miwili mifukoni, akaiacha humo kwa muda, akaona raha. Kisha akafunga boksi na kulipima. Hakuna kingine kilichotokea.

Akajaza fomu ya hitilafu. Fundi wa mizani alikuja Jumatano na mkoba wake wa vyuma vya kupimia. Akaweka chuma cha gramu mia, mizani ikasema mia. Akaweka cha nusu kilo, ikasema nusu kilo. Akaweka lile boksi. Akajikuna kidevu kwa penseli.

"Dada, mizani yako nzima," alisema. "Boksi ndilo lina kitu."

"Kitu gani?"

"Hayo mimi sijui. Mimi ni wa mizani."

Akasaini fomu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Karani akalifungua boksi. Raha ya mifuko ikatoka mle ndani, ikampitia kuanzia viganja hadi mabegani, ile ile ya Jumatatu, haijachacha. Alipolipima tena, boksi lilikuwa na gramu mia moja na ishirini.

Hakushtuka. Mtu aliyepokea vifurushi kwa miaka tisa hashtuki ovyo. Alikwisha kupokea meno ya bandia ya marehemu fulani yakitumwa kwa mrithi wake, na mara moja alipokea kengele ya shule. Kwenye fomu ya vifurushi kuna mstari ulioandikwa "Yaliyomo", na yeye anachojali ni kwamba mstari ule usiachwe wazi.

Karani huyu alizaliwa akaandikwa mtoto wa kiume. Lilikuwa kosa la ofisi, na kama yalivyo makosa mengi ya ofisi, lilichukua muda kusahihishwa: miaka thelathini na moja. Alilisahihisha peke yake, kwa hatua, akianza na hereni na kumalizia na jina. Pale posta walimwita Dada Mizani. Aliyemwita hivyo kwanza ni mama wa Dirisha la Tatu, muuza stempu, ambaye yeye mwenyewe aliitwa Mama Gundi na hakuona ajabu. Wengine walifuata mkumbo. Meneja alifuata wa mwisho, baada ya kufikiri kwa mwaka mmoja na miezi miwili, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata daftari, na katika daftari la wafanyakazi lilikuwamo bado lile jina la zamani. Dada Mizani alikuwa ameandika barua tatu makao makuu kuomba lirekebishwe. Zote tatu zilipotea katika posta.

Basi akaanza kupima. Kila boksi alilolipima, aliondoa uzito wa boksi lenyewe akabaki na uzito wa raha. Chai ya saa nne na biskuti inayochovywa kwa hesabu, isije ikakatikia kikombeni: gramu sitini. Kufunga sidiria kwa nyuma mara ya kwanza tu, bila kuizungusha mbele kama mtu anayefunga mzigo: mia moja na ishirini. Kuivua sidiria hiyo hiyo jioni: mia nne. Mama mmoja mteja alimgombeza dirishani, akampigia meza kabisa: "Wewe dada una kiburi! Dada gani huna hata salamu!" Dada Mizani alimwomba radhi, akamhudumia, kisha akachukua boksi dogo. Mia mbili na kumi, zote zikiwa za lile neno "dada", maana hakuna mtu anayejisumbua kumdanganya mtu anayemgombeza.

Mambo makubwa hayakuwa na uzito. Alipopandishwa cheo kuwa karani mwandamizi aliweka boksi tayari, akangoja. Mizani haikutikisika.

Sasa, mama yake. Mama yake alikuwa muuguzi mstaafu, akiishi katika mji mdogo ulio mwendo wa saa tano kwa gari la barua. Kwa miaka thelathini alipima watoto wachanga kliniki. Akimpakata mtoto alijua gramu zake kabla mizani haijatulia, na kama mizani imesema vingine, mizani ndiyo iliyoitiwa fundi. Akina mama walikuwa wakimwambia, "Sista, mtoto anakula vizuri siku hizi, analala, anacheza." Yeye hakuwa na jibu lingine zaidi ya moja: "Mlete tumpime."

Miaka minne iliyopita alimwambia mwanawe kwenye simu: "Mimi nilizaa mtoto wa kiume. Huko unakokwenda hakuna furaha hata chembe. Utakonda, utabaki mifupa, na mimi sitakuja kukutazama." Kisha akakata. Tangu siku hiyo hakupokea simu. Dada Mizani alimwandikia barua kumi na moja za kumweleza kwamba anakula, analala na anacheka, na zote akazichana kabla ya kuzitia kwenye bahasha, kwa sababu zilikuwa maneno, na mama yake hakuwa mtu wa maneno.

Sasa alikuwa na kitu cha kupima.

Kifurushi cha kwanza kilikuwa cha nywele. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa kwenye kigoda cha msusi, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mwanamke asiyemjua, ambaye alimlalamikia kwa saa nne mfululizo. "Dada, hii ngozi ya kichwa au ya kiatu? Tulia! Nani alikuwa anakusuka zamani, adui yako?" Alitoka pale macho yamevutika kwa nyuma na hawezi kukunja uso. Gramu mia tatu na thelathini, ukiondoa maumivu. Akaziba boksi kwa utepe, akajaza fomu. Mtumaji: akaandika jina lake, lile alilolichagua. Mpokeaji: mama yake. Yaliyomo: raha ya kusukwa. Kinavunjika: hapana. Kinaoza: hapana. Akagonga mhuri.

Kilirudi Alhamisi na gari la barua. Dereva wa gari hilo aliitwa Breki, kwa sababu ambazo gari lake lilikuwa limeziandika kwenye ukuta wa nyuma wa posta kwa urefu wa mita mbili. Yeye ndiye aliyebeba vifurushi mpaka milangoni kwa watu katika ule mji mdogo.

"Mama amekataa," Breki alisema. "Si unajua lazima mpokeaji asaini chini ya jina la mtumaji? Amesoma, akasema, 'Huyu simjui.' Nikamwambia, mama, si huyu wa posta, binti ya... Akasema, 'Baba, mimi nina mtoto mmoja, na jina lake si hili. Rudisha.'"

"Hakukifungua?"

"Angefunguaje na hajasaini? Sheria si sheria?"

Dada Mizani alikiweka kwenye rafu iliyoandikwa "Vilivyorudi". Wiki iliyofuata akatuma kingine. Hicho nacho kikarudi. Akatuma cha kuvua sidiria, akijua kwamba hilo mwanamke yeyote angelielewa, hata asipotaka. Kikarudi. Alituma cha kuchagua rangi ya kucha kati ya nyekundu mbili ambazo hakuna mwanamume duniani anayeweza kuzitofautisha. Kikarudi. Mama alikuwa na msimamo, na mtoto alimrithi mama.

Vifurushi vilivyorudi hukaa rafuni siku thelathini, kisha mtumaji huvichukua. Dada Mizani hakuvichukua. Alisema viko njiani. Mama Gundi, akiwa na siku mbaya, wakati mwingine alisogea na kiti chake mpaka Dirisha la Nne.

"Dada Mizani, mwenzio leo nimeamka vibaya. Huna kitu chochote kidogo? Hata cha biskuti."

Dada Mizani alimfungulia cha biskuti. Mama Gundi akafumba macho, akashusha pumzi, akarudi kuuza stempu.

Meneja aligundua kwa njia ya kanuni. Kanuni inasema kifurushi kilichopitisha siku zake kinaweza kufunguliwa na meneja mbele ya shahidi mmoja. Alifungua kile cha mifuko, ambacho Dada Mizani alikuwa amekijaza upya na kukituma. Meneja alivaa suruali tangu azaliwe na alikuwa na mifuko sita mwilini wakati huo, ukihesabu ya koti. Kwa dakika nne nzima aliitia mikono mifukoni na kuitoa, kuitia na kuitoa, akitazama dari, kana kwamba mifuko imevumbuliwa asubuhi ile. Kisha akakohoa, akaandika kwenye kitabu cha ukaguzi: "Kimekaguliwa. Yaliyomo ni kama yalivyoandikwa."

Katika mwezi wa sita ikatokea ile ya zipu.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi ambako mtoto wa Mama Gundi alikuwa akipewa cheti cha ufundi cherehani. Dada Mizani aliingia msalani, upande wa wanawake, akiwa na ule wasiwasi mdogo ambao alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea jiwe dogo kiatuni. Mwanamke mmoja mnene aliyevaa gauni la kijani alikuwa kwenye kioo akihangaika na mgongo wake. Hakugeuka. Aliona tu kwenye kioo kwamba kuna mtu ameingia.

"Afadhali umekuja, dada yangu," alisema. "Nipandishie hii zipu, mkono wangu haufiki. Polepole, isije ikanikamata."

Dada Mizani aliipandisha polepole. Zipu ilikwama katikati, akakishikilia kitambaa kwa mkono wa kushoto, akaivuta tena, ikafika juu. Kuna kishikizo kidogo pale juu, akakifunga na chenyewe.

"Haya, asante," mwanamke alisema, akaenda zake. Hawakuonana tena.

Jumatatu aliipima. Mia sita na arobaini. Hakuna raha nyingine iliyowahi kufika hapo. Akachagua boksi jipya lisilo na mikunjo, akaliziba kwa utepe mara mbili, na kwenye "Yaliyomo" akaandika: "Raha ya kuombwa kupandisha zipu ya mtu." Siku hiyo aliamini kabisa kwamba mama yake atasaini. Alienda nyumbani akapika chakula cha watu wawili kwa bahati mbaya.

Lakini rafu ya "Vilivyorudi" ilikuwa imefikisha vifurushi ishirini na tatu, na kanuni inaruhusu ishirini. Meneja alikuwa mtu mwema. Alitazama rafu, akatazama lile boksi jipya likingoja gari, akaona njia ya kumsaidia kila mtu kwa pamoja. Akabandua lebo. Akafungua daftari la wafanyakazi, akanakili kwa mwandiko wake mzuri wa shule jina lile lililokuwamo, akabandika lebo mpya. Kisha akanawa mikono na kwenda kula.

Alhamisi Breki alirudi mikono mitupu, anacheka.

"Leo amepokea! Amesaini mbio mbio, kalamu imetoboa karatasi. Amenikaribisha ndani, akaniwekea kiti. Amelipakata lile boksi mpaka naondoka."

Dada Mizani aliketi. Akamwomba arudie, naye akarudia. Alipofika kwenye kalamu kutoboa karatasi, akamwomba arudie na hapo. Aliomba ruhusa nusu saa kabla ya muda wa kufunga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani akiwa ametia mikono mifukoni.

Jumanne ikaja fomu ya malalamiko, imejazwa kwa mwandiko wa muuguzi, yaani mwandiko unaosomeka. Meneja aliisoma kwa sauti katika chumba cha nyuma, mbele ya Dada Mizani, Breki na Mama Gundi, ambaye hakuitwa.

"'Nimepokea boksi kutoka kwa mwanangu. Nimelifungua mwenyewe. Ndani hamna kitu. Kabla ya hapo nilikuwa naletewa maboksi ya mtu nisiyemjua, na yote yalikuwa mazito. Naomba kujua ni kwa nini boksi la mtu nisiyemjua lina uzito na la mwanangu ni tupu. Naambatanisha boksi.'"

Meneja akaiweka fomu mezani.

"Gramu mia sita na arobaini," Meneja alisema, "zimepotea njiani. Breki?"

"Bosi, usinitazame hivyo! Mimi zipu ya nini?"

"Nauliza kwa utaratibu."

"Hata kwa utaratibu. Nina mke, nina dada wanne. Kwetu zipu hazijaniishia."

Meneja akaliweka boksi juu ya mizani. Kweli, ukiondoa boksi lenyewe, ilibaki sifuri. Dada Mizani alisogea karibu, akasoma lebo. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa jina lililoandikwa pale.

"Nani ameandika hii?"

Meneja akarekebisha tai. "Mimi. Nilifuata daftari. Na niseme ukweli, Dada Mizani, nilitaka kusaidia. Kwani jina ni nini? Mama amesaini, amefurahi. Si ndicho ulichotaka?"

"Amesainia boksi tupu, bosi."

"Basi safari nyingine weka kitu ndani. Weka hata kitambaa."

"Mimi sikutaka apokee kitambaa."

Alibandua ile lebo, akaandika nyingine kwa jina lake mwenyewe, akaibandika palepale juu ya mizani. Namba zikapanda: mia mbili, mia nne na tisini, mia sita na arobaini. Zikatulia. Akaibandua, akarudishia ya Meneja. Sifuri. Breki alisema, "Tena, tena," kama mtu anayetazama mchezo wa karata, lakini Mama Gundi akamkanyaga mguu.

"Kumbe haikupotea," Meneja alisema. Alikuwa mtu wa kufuata ushahidi. Siku hiyo hiyo aliandika ripoti ya kurasa mbili kwenda makao makuu, kwamba upungufu umetokana na kosa la jina la mtumaji, kwamba kosa hilo liko kwenye daftari la wafanyakazi, na kwamba anapendekeza daftari lirekebishwe. Aliipeleka kwa mkono ili isipotee. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, sentensi moja na mihuri miwili: daftari la wafanyakazi haliwezi kurekebishwa kwa ushahidi wa mizani. Meneja alimwonyesha Dada Mizani barua ile, akaikunja vizuri, akaagiza rafu ya pili.

Kwa mama ikapelekwa barua ya kawaida ya ofisi: malalamiko yako yamechunguzwa, boksi halikuibwa, kilichoandikwa nje hakikulingana na kilichomo ndani, samahani kwa usumbufu. Mama hakujibu.

Kwa wiki mbili Dada Mizani hakutuma kitu. Si kwamba alikasirika. Jino lilikuwa likimuuma, na mtu mwenye jino hana cha kupima. Wiki ya tatu jino liling'olewa, akanywa chai ya moto upande wa kushoto baada ya siku nyingi, akatuma gramu hamsini na tano kwa jina lake. Zikarudi. Akatuma raha ya kuimba sauti ya pili kwenye mazoezi ya kwaya, ile sauti inayokaa chini ya nyingine kama mto chini ya kichwa, na mwalimu wa kwaya kusema, "Akina mama, hapo sawa," bila kumtoa yeye. Mia nne na themanini. Zikarudi. Ile ya zipu nayo akaituma tena, kwa lebo yake. Ikarudi.

Alipoileta hiyo ya zipu, Breki hakuondoka dirishani kama kawaida yake. Alisimama akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Dada Mizani, kuna kitu sijakwambia. Nilidhani si kazi ya dereva."

"Sema."

"Mama huwa hakatai palepale. Nikifika, kabla hajasoma jina, ananiambia, 'Lete.' Nampa. Anakibeba hivi." Breki aliweka mkono mmoja chini ya boksi na mwingine akaukinga kwa nyuma, mahali ambapo boksi halina kichwa. "Anafumba macho. Kisha anataja."

"Anataja nini?"

"Gramu. Hakosei, nimekuwa nikiangalia lebo. Leo amesema mia sita na arobaini kabla hata sijafunga mlango wa gari. Halafu ndiyo anasoma jina, anasema huyu simjui, ananirudishia."

Nyuma ya Breki foleni ilikuwa na watu sita. Mmoja alipiga chafya kwa makusudi.

"Sasa leo aliniacha mlangoni akaenda kutafuta miwani," Breki aliendelea. "Nikaona mezani pana kadi. Zile za kliniki, za mtoto kuongezeka uzito, zenye mistari ya kupanda. Ameweka nukta, ameziunganisha kwa rula. Nyingi. Zinapanda, dada. Pana sehemu zimeshuka, ile wiki uliyotuma ya chai. Na pana moja iko chini kabisa kwenye sifuri, hiyo ameizungushia duara na kuandika pembeni: 'Rudia kipimo.'"

Dada Mizani alinyoosha lebo ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

"Na juu? Panapoandikwa jina la mtoto?"

"Pako wazi."

"Hata lile la zamani?"

"Hata lile. Nilichungulia vizuri. Wazi kabisa."

"Anatumia penseli au kalamu?"

"Kalamu."

"Haya," Dada Mizani alisema. "Anayefuata."

Aliwahudumia watu wote sita. Akapima birika, akapima madaftari, akapima kifurushi cha mzee mmoja aliyekataa kutaja yaliyomo mpaka alipoambiwa kwamba mstari hauachwi wazi, ndipo akanong'ona, "Andika soksi." Foleni ilipokwisha, Dada Mizani alivua viatu chini ya kaunta bila mtu yeyote kujua, akakanyaga sakafu ya baridi kwa nyayo zote mbili. Raha hiyo huwa na gramu sabini, alikwisha kuipima mara nyingi. Akafungua boksi, akalifunga, akalipandisha juu ya mizani. Mia saba na kumi.

Akajaza fomu. Kwenye "Yaliyomo" akaandika: "Raha ya kuvua viatu." Kwenye "Mtumaji" akaandika jina lake, herufi baada ya herufi, akagonga mhuri.

Kilirudi Alhamisi. Breki alikiweka juu ya kaunta, na mahali pa saini palikuwa peupe kama palivyoondoka.

"Mia saba na kumi, amesema," Breki alisema. "Na amesema nikwambie neno kwa neno. 'Huyu simjui, lakini anaongezeka vizuri.'"